Baxter: mwenyeji aliposhika ngazi

Nianze na paa, maana ndiko mchezo ulikofia. Januari 2011, juu ya jengo la Baxter pale Caltech, lilisimama lile sanduku la buluu la polisi wa Kiingereza, TARDIS ya tamthilia ya televisheni ya Doctor Who. Kazi ya mafundi, siwanyimi haki yao. Picha zikasambaa, watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Sanduku lile la wanafunzi wa MIT lilipandishwa kwa msaada wa wanafunzi wa Caltech wenyewe, na mwenyeji akishakushikia ngazi, unachofanya si utani tena. Unahamisha fanicha.

Mliofuatilia mnakumbuka mtiririko. Agosti 2010 sanduku lilikuwa juu ya Kuba Kubwa la MIT kule Cambridge, safi kabisa. Septemba wakajaribu tena kulipandisha paani, wakanaswa kazi ikiwa katikati, wakaacha. Hapo hakuna aibu. Asiyewahi kunaswa katika fani hii ni yule anayechagua mapaa mafupi.

Kosa ni uamuzi uliofuata. Walikuwa na miezi ya kutosha kubuni upya: paa jingine, saa nyingine, sare nyingine. Badala yake wakaenda kwa watani wao wa jadi wakabisha hodi. Najua utetezi wake, nimeusikia mpaka masikio yamechoka: kwamba ni ishara ya undugu, kwamba vyuo viwili vilivyosumbuana miaka yote vimeshikana mikono. Sina ugomvi na kushikana mikono. Nina ugomvi na wakati wake. Mikono hushikwa sanduku likishakaa paani, mwenyeji amekwishainua macho na kutukana kidogo.

Tazama kilichopotea kiufundi. Kituko cha paani kina maswali machache tu magumu. Mlinzi anapita saa ngapi? Mlango upi haushiki komeo vizuri? Ngazi zipi zinalia ukikanyaga? Mgeni huyajibu kwa kukesha, kwa kukosea, kwa kujifanya fundi wa mabomba. Mwenyeji anayajua tangu mwaka wa kwanza. Ukimchukua mwenyeji, umeununua mtihani pamoja na majibu yake. Halafu kuna yule mtu mmoja anayebeba kituko kizima, yule anayekuja asubuhi na kikombe chake mkononi, anainua macho, anasimama. Kwa ajili yake ndio tunapanda. Pale Baxter, mtu huyo aliporudi bwenini angeweza kumkuta jirani yake wa chumba ndiye aliyelisukuma.

Niliwahi kulionja hili. Bwenini kwetu tuliiba rimu ya lori iliyokuwa kengele ya shule jirani, tukaibeba usiku kwa zamu, wanne wanne, vidole vikichubuka. Nilicheka wiki nzima. Mwaka uliofuata tulikwisha kuwa marafiki, na kiranja wao akatukatia waya yeye mwenyewe. Tuliifikisha kwetu, tukaitazama, tukaenda kulala. Asubuhi tukairudisha bila hata kuulizwa.

Mtani haombi. Anaingia, anaondoka na kuku, na wewe ndiye unayemfuata kukomboa.

Ndivyo MIT hao hao walivyofanya mwaka 2006, na ndiyo maana Baxter inaniuma zaidi. Walijivika sare za kampuni ya kuhamisha mizigo waliyoiita Howe & Ser; litamke haraka utasikia jina la Kiingereza la mzinga. Wakaufuata mzinga wa bweni la Fleming la Caltech, tani 1.7 za chuma. Mlinzi akawasimamisha. Wakatoa karatasi za kazi, bandia tupu, naye akawaachia. (Nimesema mara ngapi kwenye safu hii kwamba karatasi hufika mahali ngazi haifiki?) Mzinga ukavuka Marekani, zaidi ya maili 3,000, ukasimamishwa Cambridge ukiwa umevishwa pete ya MIT kwenye mtutu, mdomo umeelekezwa Pasadena, kwao Caltech. Kwamba wanafunzi wa chuo cha Harvey Mudd waliwahi kuuiba mzinga huo huo mwaka 1986 hakupunguzi kitu. Wao waliupeleka jirani tu.

Tarehe 10 Aprili watu wa Fleming wakafunga safari, wakaukokota mzinga wao, na pale ulipokuwa wakaacha mzinga mdogo wa kuchezea pamoja na ujumbe kwamba huo ndio saizi yao MIT. Kwa hesabu yangu urafiki wa vyuo hivi ulizaliwa hapo, juu ya kile kichezeo. Hakuna aliyekuwa amebisha hodi kwanza.

Caltech nao hawatoki mikono mitupu. Mwaka 2005, wikiendi ya kuwakaribisha waliopata nafasi MIT, waligawa fulana zenye jina la MIT kifuani na mgongoni maneno kwamba si kila mtu anaweza kwenda Caltech. Safi. Lakini wikiendi hiyo hiyo wakafunika kwa bango neno Massachusetts la jina la MIT, jengo kuu lisomeke kuwa ni ile taasisi nyingine ya teknolojia. Wenyeji wakalibadilisha bango, likasomeka taasisi pekee. Wapo wasomaji ambao hadi leo hawajanisamehe kwa kuliita bango lile zawadi kwa adui. Sijabadili neno. Ukimwandikia mtani sentensi ukutani kwake, usimwachie nafasi ya kuimalizia.

Anayetaka kuona kazi arudi Januari 2, 1961, uwanja wa Rose Bowl, Washington wakicheza na Minnesota. Wanafunzi 14 wa Caltech, chuo ambacho hakikuwa hata na timu kwenye mchezo ule. Mmoja alijifanya mwandishi wa gazeti la shule ya sekondari, akamhoji kiongozi wa washangiliaji wa Washington mpaka akaelezwa jinsi kadi ambazo mashabiki huziinua jukwaani kuunda picha zinavyofanya kazi. Wakaiba karatasi moja ya maelekezo, wakachapisha nakala, wakazibadilisha kwa mkono moja moja, 2,232, wakaziweka mahali pa zile halisi. Picha 11 za mwanzo walizipitisha kama zilivyo, na hapo ndipo ninapovua kofia, kwa sababu kijana angeharakisha. Ya 12, mbwa wa Washington akageuka mnyama wa nembo ya Caltech. Ya 13, maandishi yakatokea kinyumenyume. Ya 14, jukwaa zima likaandika CALTECH, na NBC wakairusha nchi nzima. Aliyeinua kadi haoni picha. Anaona mgongo wa aliye mbele yake na karatasi iliyo gotini, anatii, anatabasamu kwa kamera. Walioandika jina la Caltech ni mashabiki wa Washington, na walikuwa wa mwisho kulisoma.

Huo nao ni msaada wa mwenyeji, utaniambia. Ndiyo, lakini hakujua.

Baada ya Baxter sanduku lilipelekwa Berkeley, kisha Stanford. Sikulifuata. Nilichokirudia kukitazama ni Aprili 2014, Caltech wako tena Cambridge wakigawa vikombe vyenye jina la MIT kwa wageni wa wenyeji wao. Mtoto wa watu anapokea, anashukuru, anakwenda kumimina kinywaji cha moto. Kikombe kinageuka rangi ya chungwa, MIT inayeyuka, na anajikuta ameshika Caltech, taasisi yenye moto zaidi.