Siku ya Tatu Ndiyo ya Hatari: Kumuuguza Mbwa Aliyetolewa Kizazi

Mbwa jike akishatolewa kizazi, kinachoonekana ni mshono wa sentimita chache chini ya kitovu, kwenye ngozi iliyonyolewa. Huo ndio mwenye mbwa anaoukagua asubuhi na jioni, na ukikauka anaona kazi imekwisha. Lakini uzito wa matumbo haubebwi na ngozi. Unabebwa na utepe mweupe wa kano uliopita katikati ya tumbo, unaoiunganisha misuli ya kushoto na ya kulia. Daktari wa mifugo aliukata huo ili aufikie mji wa mimba, kisha akaushona kwa uzi utakaoyeyuka wenyewe mwilini. Karibu uuguzi wote wa nyumbani ni kazi ya kuulinda mshono huo wa ndani.

Katika siku 4 au 5 za mwanzo jeraha halina nguvu yake lenyewe. Limeshikwa na uzi tu. Hata wiki ya 3 nyama mpya huwa imerudisha takriban asilimia 20 tu ya nguvu ya awali. Maumivu hupungua mapema zaidi. Kwa hiyo ifikapo siku ya 3 mbwa anatikisa mkia, anadai chakula chake chote na anataka kulirukia geti, na hapo ndipo watu hulegeza kamba. Naliona hili kuwa kosa linalomdhuru mnyama kuliko mengine yote: kumpima kwa uchangamfu wake na kuisahau kalenda. Uzi ukikatika ndani, ngozi yaweza kubaki imefunga vizuri, ila utagusa uvimbe laini chini yake. Huenda ni mafuta ya tumbo au utumbo wenyewe uliopenya. Usiubonyeze, mpeleke kwa daktari mara moja.

Usiku wa kwanza hatari ni nyingine. Dawa ya usingizi huudhoofisha uwezo wa mwili kutunza joto lake, na hata kwenye joto la Dar es Salaam mbwa aliyelazwa juu ya saruji tupu hupoa. Alazwe kwenye gunia kavu au blanketi kuukuu, mbali na ngazi, apewe maji kidogo kidogo na chakula nusu ya kawaida. Kisha tazama ufizi. Ubonyeze kwa kidole: unageuka mweupe, na rangi ya waridi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Ufizi ukibaki umepauka, tumbo likijaa na mbwa akashindwa kuinuka, yawezekana fundo lililofunga mshipa wa damu wa ovari limeteleza na anavuja damu ndani. Hapo usingoje kupambazuke. Kwetu kuna sababu ya ziada ya kuwa macho: kupe wa kahawia hueneza bakteria aitwaye Ehrlichia canis, ambaye hupunguza chembe za kugandisha damu. Ndiyo maana daktari makini hutaka kuipima damu kabla ya kumpasua mbwa wa mazingira yenye kupe.

Kuhusu dawa ya maumivu, fanya hesabu kabla ya kufungua kabati la dawa. Meloksikamu, kwa mbwa, kwa kawaida ni miligramu 0.2 kwa kila kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa siku zinazofuata, pamoja na chakula. Mbwa wa kilo 15 basi, kuanzia siku ya pili, anahitaji miligramu 1.5. Kidonge kidogo cha binadamu kina 7.5, yaani dozi 5 kwa mkupuo. Ibuprofeni na diklofenaki zisimkaribie kabisa. Huchimba vidonda tumboni na kuharibu figo. Panadol nayo isitolewe kwa kukisia.

Ulimi ni adui wa mshono. Mbwa hulamba hadi nyuzi zinalegea, na mate huacha bakteria. Kola ya plastiki ivuke pua kidogo, vinginevyo ataufikia mshono. Bakuli liinuliwe juu ya tofali ili ale akiwa ameivaa. Kidonda kikibaki na unyevu, nzi hutaga na funza huanguliwa haraka, kwa hiyo dawa ya kupuliza ya kuzuia nzi uliyopewa kliniki itumie kama ulivyoelekezwa. Majivu, mafuta na spiriti havina kazi hapo.

Jambo moja liko upande wetu. Nyumba nyingi hufungia mbwa bandani mchana na kumfungulia usiku alinde. Banda basi lipo tayari. Lioshwe, likauke, libaki limefungwa na usiku pia. Ulinzi ufanywe na mwingine kwa wiki 2. Atoke kwa kamba fupi, akojoe, arudi. Madume wasimkaribie, maana kupandwa kipindi hiki kwaweza kumrarua ndani.

Nyuzi za nje, kama zipo, hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Kuogeshwa dawa ya kupe kusubiri hadi hapo. Baada ya nyuzi kutoka, mwachie kutembea kwanza, siku chache baadaye kukimbia, na kuruka ukuta kuje mwisho kabisa.