Dhahabu Kwanza, Chapa Baadaye

Mnunuzi mgeni akikabidhiwa kikombe cha kauri cha kiwanda cha Meissen hukipindua upesi kutafuta chapa yake, panga mbili za buluu zilizopishana. Mzoefu huanza na dhahabu. Panga hizo ni michoro michache ya brashi, na waigaji wa karne ya 19 walizichora watakavyo. Dhahabu hufuata ufundi wa zama zake.

Aina ya dhahabu. Katikati ya karne ya 18, mafundi wengi wa Ulaya walisaga dhahabu pamoja na asali, wakaipaka, wakaichoma kwa moto wa wastani, kisha wakaisugua kwa jiwe la akiki. Dhahabu hiyo ni nene na mng'aro wake umetulia. Ukipitisha ncha ya kidole utahisi imeinuka. Kwa unene huo, mafundi wa Vincennes, kiwanda kilichohamia Sèvres mwaka 1756, waliweza kuichonga majani na maua kwa ncha kali. Mwishoni mwa karne hiyo ilienea dhahabu ya zebaki, nyembamba zaidi na yenye kumetameta. Dhahabu inayotoka tanurini ikiwa tayari inang'aa, bila kusuguliwa, ilibuniwa Meissen karibu mwaka 1830. Ukiiona kwenye kikombe kinachodaiwa kuwa cha 1740, ama kikombe si cha wakati huo, ama kimepakwa upya.

Uchakavu. Dhahabu halali huisha pale inapoguswa: ukingo wa kunywea na mgongo wa mkono wa kikombe. Chukua lenzi, utazame mkwaruzo mmoja. Ukiwa umeikata dhahabu, ni sawa. Dhahabu ikiwa imejaa ndani ya mkwaruzo, ilipakwa baadaye. Vidoa vyeusi kwenye kauri navyo huweza kuashiria kwamba chombo kilirudishwa tanurini.

Ndoa ya kikombe na kisahani. Ili kujua kama viwili hivyo vilitengenezwa pamoja, linganisha upana wa ukanda wa dhahabu, rangi yake na mkono uliochora. Kwa Sèvres, soma pia herufi za mwaka, zilizoanza na A mwaka 1753, na alama za mafundi: Vincent, mpakaji wa dhahabu, alitia saini kwa tarakimu 2000.

Ukilazimika kuchagua kati ya dhahabu ya asili iliyochakaa na iliyopakwa upya ikajaa, nunua iliyochakaa. Ile nyingine ilipie bei ya pambo tu.