Kuupima Mchezo wa Fumbo wa Redio: Mwongozo kwa Msikilizaji Makini

Mchezo wa fumbo wa redio ni tamthilia fupi, kwa kawaida ya nusu saa pamoja na matangazo ya biashara, inayohusu uhalifu au jambo la kutatanisha na inayotegemea sauti pekee, yaani maneno ya waigizaji, milio na muziki, bila msaada wa jukwaa wala picha. Nchini Marekani sanaa hii ilistawi tangu miaka ya 1930 hadi tarehe 30 Septemba 1962, siku ambayo shirika la CBS lilirusha kwa mara ya mwisho vipindi vyake "Suspense" na "Yours Truly, Johnny Dollar". Kwa kuwa rekodi nyingi zimehifadhiwa, wasikilizaji wa leo, ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa enzi hizo, bado wanaisikiliza, wanaipanga kwa madaraja na kubishana juu yake. Mabishano hayo huelekea kuzunguka maswali mawili: je, mwisho ulishtua, na je, nyota wa mchezo alikuwa nani? Mwongozo huu unashikilia kwamba maswali yote mawili ni dhaifu, kwa sababu mshtuko hufa papo hapo unaposikika, na umaarufu wa nyota ni jambo la nje ya mchezo wenyewe. Kipimo kinachofaa ni kama mchezo unastahimili kusikilizwa mara ya pili, wakati msikilizaji amekwisha kulijua jibu.

Mchezo unaofaa kuanza nao ni "Sorry, Wrong Number", ulioandikwa na Lucille Fletcher na kurushwa na "Suspense" tarehe 25 Mei 1943, Agnes Moorehead akiwa mwigizaji mkuu. Mwanamke mgonjwa asiyetoka kitandani anajaribu kumpigia mumewe simu ofisini, laini zinaingiliana, naye anawasikia wanaume wawili wakipanga kumuua mwanamke saa tano na robo usiku, wakati treni itakapokuwa ikipita darajani ili kishindo chake kifunike ukelele wa anayeuawa. Muda unaosalia ni simu baada ya simu, kwa opereta, kwa polisi na hospitalini, na kila anayeombwa msaada anajibu kwa adabu ya kiofisi pasipo kusaidia. Msikilizaji makini hutambua mapema ni nani atakayeuawa, na utambuzi huo hauuharibu mchezo hata kidogo, kwa kuwa Fletcher hakuujenga juu ya fumbo bali juu ya taharuki. Fumbo ni swali ambalo jibu lake limefichwa. Taharuki ni wasiwasi wa mtu anayejua, au anayekaribia kujua, kitakachotokea, lakini hana uwezo wa kukizuia. Anayeuhukumu mchezo wa taharuki kwa kulalamika kwamba alilijua jibu mapema anaupima kwa mizani isiyo yake.

Lalamiko linalosikika zaidi kuhusu mchezo huo ni jingine, nalo linastahili kujibiwa kwa urefu. Wasikilizaji wengi husema kwamba mwanamke huyo anachukiza: anafoka, anajihurumia, anawadharau maopereta, na sauti yake inapanda hadi kuumiza masikio. Yote hayo ni kweli, na ndiyo ufundi wenyewe. Laiti mhusika angekuwa mpole, huruma ya msikilizaji ingekuja bila gharama, na ubaridi wa wale wanaopokea simu zake ungeonekana kuwa ukatili wa kubuni tu; lakini kwa kuwa anakera, msikilizaji hujikuta upande wa askari polisi aliyechoka naye, akitamani simu ikatwe, mpaka saa inapokaribia na yeye mwenyewe kuona aibu. Moorehead aliurudia mchezo huu mara kadhaa katika kipindi hichohicho, na rekodi za miaka mbalimbali zikilinganishwa huonekana jinsi alivyopanga kupanda kwa hofu: haanzi na ukelele, anaanza na uchovu wa mtu aliyezoea kutumikiwa. Filamu ya mwaka 1948, ambayo Fletcher mwenyewe aliiandikia muswada na Barbara Stanwyck akaigiza nafasi hiyo, ilirefusha hadithi kwa kueleza maisha ya mume na sababu zake. Ni filamu nzuri, lakini inamtoa mtazamaji katika chumba cha mgonjwa, na kila anapotolewa humo hofu hupungua.

Usiku ule wa kwanza ulitoa pia fundisho ambalo halikukusudiwa. Karibu na mwisho kabisa, kutokana na mkanganyiko wa muda mfupi studioni, mwigizaji mmoja alichelewa kutamka maneno yake, na kwa kuwa mchezo ulikuwa ukirushwa moja kwa moja, hapakuwa na njia ya kurekebisha kosa. Wasikilizaji wengi hawakuelewa mambo yaliishaje, wakauliza, na katika kipindi cha wiki iliyofuata ikabidi watangaziwe kwamba mwanamke yule aliuawa, na kwamba aliyemkodi muuaji alikuwa mumewe. Mchezo ukaigizwa upya tarehe 21 Agosti mwaka huohuo. Katika filamu jicho lingeona kisu na kuelewa. Katika redio sentensi moja iliyochelewa huvunja jengo zima, na kwa sababu hiyo mjuzi husikiliza kwanza kama kila jambo la lazima limesemwa mahali pake, mara moja tu, na kwa sauti inayosikika.

Hapa ndipo suala la vidokezo linapoingia. Kidokezo ni habari ndogo inayomwezesha msikilizaji kulifikia jibu mwenyewe kabla ya kufunuliwa, na desturi ya uandishi wa upelelezi inadai kwamba mwandishi asikifiche kabisa wala asikitangaze kwa tarumbeta. Msomaji aliyezoea uchunguzi wa Bwana Msa katika riwaya za Muhammed Said Abdulla anaweza kufungua kurasa za nyuma na kuhakikisha kama kweli jambo fulani lilitajwa. Msikilizaji wa redio hana fursa hiyo, kwa maana neno likishapita limepita. Mwandishi hodari wa redio kwa hiyo hukifunga kidokezo katika jambo ambalo sikio litalikumbuka lenyewe: mlio unaorudi, namna mtu anavyotamka jina, au swali lililoulizwa likaachwa bila jibu. John Dickson Carr, mwandishi wa mafumbo ya vyumba vilivyofungwa, ambaye riwaya yake "The Burning Court" ilifungua kipindi cha "Suspense" mwezi Juni 1942, alikuwa bingwa wa ufundi huo. Katika "Cabin B-13", iliyorushwa Machi 1943, bibi harusi anapanda meli pamoja na mumewe, mume anatoweka, na wahudumu wanamwambia kwamba hata chumba anachokitaja hakimo melini. Anayeusikiliza tena akiwa amekwisha kulijua jibu atakuta kwamba hakudanganywa, bali aliachwa ajidanganye mwenyewe.

"The Hitch-Hiker", mchezo mwingine wa Fletcher, ulioigizwa na Orson Welles katika "Suspense" tarehe 2 Septemba 1942, unafaulu mtihani huo kwa njia ya ajabu zaidi. Dereva anayesafiri kuelekea California anamwona mtu yuleyule kando ya barabara, akiomba lifti, kila anakofika. Mara ya kwanza msikilizaji humwogopa mtu wa barabarani. Mara ya pili, akijua kilichofunuliwa na simu ya mwisho, husikia maneno ya kawaida kabisa ya mwanzoni, maagano ya mama na mwanawe, yakiwa na uzito ambao hayakuwa nao. Muziki wa Bernard Herrmann, aliyekuwa mume wa Fletcher wakati huo na ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa filamu za Alfred Hitchcock, hauambii sikio liogope wakati gani. Unakaa chini ya maneno na kungoja.

Ugumu mkubwa kuliko wote kwa mwandishi wa redio ni msimulizi. Msikilizaji lazima aambiwe mahali na wakati, lakini mtu anayejieleza mwenyewe kila anachokifanya, kwamba sasa anafungua droo na ndani yake kuna bastola, husikika kama mpumbavu. "Yours Truly, Johnny Dollar", kilichoanza mwaka 1949, kililitatua jambo hili kwa hila rahisi ya kiofisi: mhusika ni mpelelezi wa kampuni za bima, na kila mchezo ni ripoti ya gharama anayoiandikia kampuni, ili nauli ya teksi au bei ya kinywaji itamkwe kwanza na tukio lifuate. Hesabu hiyo humfanya msikilizaji akubali kusimuliwa, na pia humchora mhusika, maana mtu anayeitoza kampuni fedha za kilevi alichomnunulia shahidi ameshajieleza tabia yake. Wapenzi wengi wa kipindi hiki humweka Bob Bailey juu ya waigizaji wengine wote walioshika nafasi hiyo, hasa katika hadithi za mwaka 1955 na 1956, zilizogawanywa katika sehemu tano za robo saa, Jumatatu hadi Ijumaa. Na katika jambo hili wengi wamesema kweli, kwa kuwa muda huo wa ziada ulimpa Bailey nafasi ya kuchoka, kukasirika na kupenda. "The Whistler", kwa upande wake, kilimpa msimulizi kazi ya kumsema mhalifu mwenyewe, akimwita "wewe" na kumkumbusha alichokifanya, kana kwamba dhamiri imepata kinywa. Njia hiyo ina nguvu, ila ikisikilizwa wiki baada ya wiki huchosha.

Kuhusu milio, sifa nyingi hutolewa pasipostahili. Mafundi wa milio walikuwa na maarifa ya kuvutia: wanga wa mahindi uliotiwa mfukoni na kubinywa ulitoa sauti ya nyayo juu ya theluji, na karatasi ya selofani iliyokunjwakunjwa karibu na kipaza sauti ikawa moto unaowaka. Hata hivyo, wingi wa milio si ubora. Mlio una thamani unapobeba habari ambayo hakuna mtu aliyeitamka, kama vile treni ya darajani, ambayo kwa anayesikiliza "Sorry, Wrong Number" ni saa ya ukutani na pia ni hukumu. Mlango unaolia kwa kutu wa "Inner Sanctum", kipindi alichokianzisha Himan Brown mwaka 1941, huenda ndio mlio unaokumbukwa kuliko yote katika redio ya Marekani, lakini ni pambo la mlangoni tu. Ndani ya michezo yenyewe ogani hupigwa kwa nguvu kila mtu anaposhtuka, na mwandishi hujikuta analazimika kueleza mizimu yote kwa sababu za kawaida zisizoaminika. Kinyume chake ni "Quiet, Please" cha Wyllis Cooper, kilichorushwa tangu 1947 hadi 1949, ambamo Ernest Chappell huzungumza kama mtu aliyeketi pembeni mwa msikilizaji, bila haraka, akinyamaza kwa muda ambao mwongozaji mwingine angeuogopa. "The Thing on the Fourble Board", wa Agosti 1948, unaohusu wafanyakazi wa kisima cha mafuta, hutajwa na wasikilizaji wengi kuwa mchezo wa kutisha kuliko wote, na kinachotisha ndani yake ni upole wa msimulizi.

Rekodi nyingi zilizosalia za "Quiet, Please" zina mikwaruzo mibaya, na hapa msikilizaji anapaswa kutenganisha mchezo na chombo kilichouhifadhi. Wakati huo vipindi vilinakiliwa kwenye santuri za inchi 16, kila upande ukichukua takribani robo saa, kwa hiyo mruko wa sauti katikati ya mchezo mara nyingi ni alama ya kugeuziwa upande na wala si kosa la mwongozaji. Nakala iliyochezwa kwa kasi isiyo sahihi hupandisha sauti za waigizaji, na baadhi ya wasikilizaji humlaumu mwigizaji kwa wembamba wa sauti ambao hakuwa nao. Nakala zilizotengenezwa kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani waliokuwa ng'ambo ziliondolewa matangazo ya biashara na kujazwa muziki. Wengi huzipenda kwa sababu hiyo, lakini mjuzi hutafuta nakala kamili, kwa maana mwandishi alijenga kilele kidogo kabla ya tangazo la katikati, na tangazo likiondolewa kilele hicho husimama bila sababu. Kwa miaka mingi mitandao mikubwa haikuruhusu kurusha rekodi, hata vipindi vingi vikaigizwa mara mbili usiku mmoja, mara ya pili kwa ajili ya pwani ya magharibi iliyo nyuma kwa saa tatu. Zinapopatikana nakala zote mbili, kuzilinganisha kunafundisha zaidi ya kusoma hukumu za watu wengine.

Kuhusu nyota wa filamu machache yanatosha. "Suspense" chini ya William Spier kiliwaalika kwa wingi, na kuwapa wachekeshaji nafasi za watu walionaswa kukawa desturi yenye matunda. Lakini uzito wa mchezo hubebwa mara nyingi na waigizaji wa redio wasiojulikana, wanaoigiza polisi, maopereta na jirani, na msikilizaji anayetaka kujua kama mchezo umeongozwa vizuri awasikilize hao kwanza.

Kwa mizani hii, "Suspense" cha miaka ya Spier kinastahili kuwekwa juu ya vingine, "Quiet, Please" kikifuata licha ya hali ya rekodi zake, na "Johnny Dollar" cha Bailey nyuma yake kwa tofauti ndogo. "The Whistler" kinafaa kwa dozi chache, na "Inner Sanctum" kinatosha kusikilizwa mara moja. Asiyekubaliana na mpangilio huu asikilize mchezo mmoja wa kila kipindi mara mbili, aache siku chache zipite katikati, ndipo aandike mpangilio wake.