Jina la Mbu wa Mtaroni

Mtaro unaopita nyuma ya ploti moja ya Kayole ulikuwa na maji ya rangi ya chai iliyolala. Bwana niliyekwenda kumtazama akifanya kazi alichuchumaa ukingoni, akangoja. Kivuli chake kilikuwa kimewashtua viluwiluwi nao wakazama. Asingesubiri warudi juu kuvuta hewa, angechota maji matupu. Waliporudi, aliinamisha kata yake polepole, akaacha maji yaingie yenyewe, akainua bila kutikisa. Kata ni nyeupe, ili kilicho cheusi kionekane.

Shosho mwenye ploti alitoka na leso mabegani. "Ndio hawa wa malaria?"

"Hapana, shosho. Hebu angalia. Hawa wananing'inia kichwa chini, ule mrija wa mkiani ndio unaogusa hewa. Wa malaria hulala bapa juu ya maji, kama kijiti."

Shosho aliinama, akatazama kwa muda mrefu. Nami nikatazama. Miaka yote niliyoishi Eastlands, upande huu wa Nairobi, Umoja kwanza na baadaye Buruburu, wote kwangu walikuwa mbu tu.

Viluwiluwi peke yao hawamtoshi. Huwapeleka nyumbani katika chupa iliyofunikwa kwa kipande cha neti, akawamimina kwenye beseni na kuwapa chembe chache za chakula cha samaki. Akizidisha, maji yanachacha na wote wanakufa. Baridi ya Julai huwachelewesha, naye hawaharakishi. Kila jioni huwatafuta waliogeuka pupa, akawahamishia kikombeni mmoja mmoja kwa kijiko cha chai. Mbu akishatoka majini hauawi siku hiyo. Dume huanza maisha yake kwa kuigeuza ncha ya tumbo nusu mzunguko, kazi inayochukua kama siku nzima, na akiuawa mapema, sehemu zinazotafutwa zitakuwa bado hazijakaa mahali pake. Kwa hiyo anangojewa. Ndipo kikombe kinaingia kwenye friza.

Meza yake ni ya kawaida: hadubini, taa, gundi, pini, na kibano chenye ncha kama mwiba. Amekata karatasi ngumu vipande vya pembetatu, vyembamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga, na kila kimoja kimechomwa pini. Anachovya ncha ya karatasi kwenye gundi, anaigusisha ubavuni mwa kifua cha mbu, basi. Daima ni ubavu wa kulia, ili wa kushoto ubaki wazi kwa yeyote atakayemtazama mbu huyo baada yake. Hamgusi kwa kidole hata mara moja. Mwili wa mbu umefunikwa na magamba laini kuliko unga, na utambulisho wake umo katika magamba hayo. Kidole kikipita, jina limefutika.

Sasa anafungua vitabu. Kwa jamii ya Anopheles, wale wa malaria, ana kile cha Gillies na De Meillon cha 1968. Kwa waliobaki ana nakala ya F. W. Edwards ya 1941, iliyoshikiliwa kwa selotepu. Kila hatua kitabu kinauliza swali lenye majibu mawili. Vile vipapasi viwili vya kando ya mdomo wa jike ni virefu kama mdomo wenyewe? Basi ni Anopheles. Ni vifupi? Endelea. Miguu ina pete nyeupe, na mgongoni pana alama kama kinubi? Huyo ni Aedes aegypti, wa homa ya dengi, anayependa majerikeni na matairi. Wetu alikuwa wa kahawia, miguu haina pete, ncha ya tumbo butu: jenasi ya Culex. Duniani kuna spishi za mbu zaidi ya 3,500. Anasoma, anatazama, anarudia kusoma. Nilimwambia nadhani alishamjua tangu kule mtaroni.

"Nilimdhania," akajibu. "Bado sijamwona."

Majike wa Culex hufanana mno, hivyo humalizia kwa dume. Alikata ncha ya tumbo, kipande kama chembe ya pilipili manga iliyosagwa, akakilowesha katika dawa ya potasi mpaka nyama ikayeyuka na kubaki ganda angavu. Akakilaza juu ya kioo kwa sindano. Kikajipindua. Akakilaza tena. Mara ya tano kikatulia, naye akanisogezea hadubini: mikono midogo iliyopinda, ya rangi ya asali. Umbo lake na nafasi iliyo kati yake ndivyo vinavyomtenga quinquefasciatus na ndugu yake pipiens.

Kuna mahali jicho linafika mwisho. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautishiki kwa hadubini. Hapo huchomoa mguu mmoja ukapimwe DNA. Lakini mguu huo hauna maana kama hakuna aliyemtenga mbu wake na wengine kwanza. Mwaka 2023 KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, ilitangaza kwamba Anopheles stephensi, mbu wa malaria aliyetoka Asia na anayezaana kwenye matangi ya mijini, amepatikana Marsabit. Eastlands tumejaa matangi na mapipa. Akifika kwetu, atatambuliwa na mtu wa namna hii, aliyekaa chini ya taa akihesabu madoa kwenye vipapasi.

Usiku ulikuwa umeingia alipoandika lebo, kwa wino usiofutika: Kayole, Nairobi, tarehe, mtaro wazi, jina la mkusanyaji. Chini yake akachoma ya pili: Culex quinquefasciatus Say, 1823. Nilimuuliza mbona kwenye sanduku la jirani imeandikwa Aedes aegypti (Linnaeus, 1762), kwa mabano. Akaniambia Linnaeus alimwita Culex, waliofuata wakamhamishia jenasi nyingine, na mabano ni kumbukumbu ya kuhama huko. Huyu wa Kayole, Thomas Say alimwita Culex, na ni Culex hadi leo. Hana mabano.