Gramu ya nini? Namba 215 na uzito wa gunia

Hapa Lamadi, ukipeleka pamba kupimwa, mizani haisomi pamba peke yake, inasoma na gunia. Mkulima anajua, karani wa AMCOS anajua: toa uzito wa gunia kwanza, ndipo mhesabiane. Shika hilo, maana ndilo lililonishinda nilipoisoma mara ya kwanza makala ninayoijadili leo.

Ilitoka mwaka 2006 katika jarida la Nature Materials, kazi ya kundi la Hongjie Dai wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walitengeneza chembe za aloi ya chuma na kobalti zenye upana wa nanomita 4 na 7, kila moja imevikwa ganda moja la grafiti. Walilenga kuboresha picha za MRI, na walizijaribu kwa sungura.

Ganda la nini? Tazama msumari wa mtumbwi pale ufukweni: kutu huula taratibu. Chembe ndogo hivi haina huo muda. Atomi zake nyingi ziko juu juu, hewa ikizigusa zinaungua, na nguvu ya sumaku inapungua. Kaboni ndiyo koti lake.

Sifa wanazostahili nawapa. Chembe za nanomita 7 zilifika emu 215 kwa gramu, za nanomita 4 zikafika 162. Chuma cha kawaida ni kama 218. Kwa udogo ule, si mchezo! Tena wametupa saizi mbili, kwa hiyo tunaona wazi kwamba udogo una gharama yake.

Tatizo ni sisi tunaoinukuu. Kwenye andiko langu la umahiri niliichukua 215 kama lengo la chembe zenye kaboni nene zaidi. Mwalimu akaniuliza swali moja tu: gramu ya nini? Nikakwama.

Hebu tupige hesabu. Chukua ganda moja lenye unene wa nanomita 0.34, msongamano wa kaboni 2.2 na wa aloi 8.2. Kwenye chembe ya nanomita 7, kaboni ni kama asilimia 8 ya uzito wote. Kwenye ya nanomita 4, asilimia 14. Sasa ongeza maganda yawe matatu: inakuwa asilimia 24 na 40. Yaani chembe ya nanomita 4 inaweza kusomeka chini kwa asilimia 40 bila kiini chake kupoteza chochote. Ukilinganisha namba za makala mbili bila kujua kiasi cha kaboni, unalinganisha magunia.

Lawama yangu ya pili ni kwa njia yenyewe. Chembe zinaoteshwa ndani ya silika kwenye joto la nyuzi 800, kwa haidrojeni kisha methani, halafu silika inayeyushwa kwa asidi ya haidrofloriki. Asidi hiyo hupenya ngozi na kukamata kalsiamu ya mwili. Kabla hujaiga, uliza kama maabara yako ina chemba ya kufyonza hewa na jeli ya kalsiamu glukonati. Kama haina, acha. Tafuta njia nyingine, hata kama namba itashuka.

Isome makala hii, inafaa kabisa. Ila ukikutana na "emu kwa gramu", toa gunia kwanza.