Udi chumbani Msamvu: maiki ikae wapi?

Udi ukirekodiwa nyumbani mara nyingi hutoka na kasoro moja kati ya mbili: ama besi inavuma na kumeza noti, ama inasikika mikwaruzo ya risha tu. Wengi hukimbilia kompyuta kutafuta dawa. Rekodi tuliyofanya katika chumba cha kupanga Msamvu, Morogoro, jirani na kituo cha mabasi, inaonyesha kwamba dawa hupatikana kabla ya kubonyeza kitufe: mpigaji akae wapi, na maiki isimame wapi.

Tuanze na chumba. Kuta za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji, upana mita 3 kwa 3. Umbo hilo la mraba ndilo adui wa kwanza. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kuta zilizoachana mita 3 huzipa nguvu za ziada sauti za Hz 57 hivi, kisha Hz 114. Pande zikilingana, mvumo huo huongezeka. Sasa, katika tyuni ya Kiarabu iliyozoeleka, udi una jozi ya nyuzi za A yenye Hz 110. Ndiyo maana noti hiyo ilivuma kuliko jirani zake, na mpigaji akadhani mkono wake ndio mzito.

Tulimtoa katikati ya chumba, mahali ambapo Hz 114 hupata nguvu kubwa, tukamkalisha karibu na kona, udi ukiwa sentimita 75 hivi kutoka kila ukuta. Hiyo ni robo ya chumba, na hapo mvumo ule hudhoofika. Akaelekea kona ya mbali. Godoro tulilisimamisha nyuma yake, si nyuma ya maiki kama wengi wanavyofanya. Maiki yetu husikia zaidi upande wa mbele, na mbele yake yupo mpigaji na ukuta ulio mgongoni kwake. Mwangwi wa ukuta huo ndio wa kuzuiwa. Kuta nyingine tuliziacha wazi. Ukizifunika zote kwa blanketi, sauti nyembamba zinakufa na besi inabaki vilevile, kwa sababu kitambaa hakizuii besi.

Kisha maiki. Udi una nyuzi 11, yaani jozi tano na uzi mmoja wa besi. Hewa inayotoka kwenye tundu kubwa hubeba besi. Mgongano wa risha na nyuzi hubeba ukali. Maiki ikielekezwa kwenye tundu kwa karibu, besi hufurika, kwani maiki za aina hii huongeza besi zinapokisogelea chanzo cha sauti. Tuliisimamisha sentimita 45 hivi kutoka kwenye udi, ikilenga pale shingo inapoungana na mwili. Hapo risha, ubao na nyuzi vilisikika pamoja. Tulipoirudisha nyuma mita nzima zaidi, mwangwi wa chumba na honi za mabasi vilianza kuushinda udi.

Anayetumia simu aangalie jambo moja zaidi. Programu nyingi za kurekodi hupandisha sauti zenyewe panapokuwa kimya, na nyingine hufuta kila zinachodhani ni kelele. Mkia wa noti ya udi hukatwa hapo. Zima huduma hizo, rekodi kwa WAV, na kilele cha sauti kisivuke desibeli 12 chini ya kikomo.

Kuhusu mabasi, tangu mwaka 2023 yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, Msamvu hakuna saa ya kimya kamili. Ngurumo za injini zilizo chini ya Hz 50 tulizikata bila kuudhuru udi, kwa kuwa uzi wake wa chini kabisa katika tyuni ile ya Kiarabu ni Hz 65 hivi. Honi haikatiki, ikilia, rudia kipande. Na mvua ya milima ya Uluguru ikigonga bati, funga kazi.

Hakuna jipya katika njia hii. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake waliporekodi Bombay mwaka 1928, kazi za enzi hizo zilitegemea maiki moja, na mizani ya sauti ilipatikana kwa kuwasogeza watu. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey, aliyerekodi Tanganyika mwaka 1950, alizoea kushika maiki mkononi na kuisogeza kufuata muziki. Morogoro ya wanamuziki wa dansi Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe imelea masikio ya gitaa la umeme, ndiyo maana baadhi ya mafundi hubandika pikapu kwenye udi na kuutendea kama gitaa. Kinachotoka ni nyuzi bila ubao.

Kwa hiyo, kijana mwenye udi na simu, usinunue programu mpya kwanza. Pima chumba chako, sogeza kiti, sogeza maiki, usikilize kwa hedifoni kila unaposogeza. Udi ukishasikika kama unavyosikika kwa aliyeketi mbele yako, rekodi, na usiongeze kitu.