Sinza au Palestina?

Vituo vya afya vya Dar es Salaam vimeandikwa mtandaoni mahali pawili. Wizara ya Afya ina daftari lake, lenye namba ya usajili ya kila kituo. OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, inavyo pia. Baadhi viliingizwa na wanafunzi na wakazi waliozunguka mitaani kwa miguu katika mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015. Binti mmoja wa Mbagala ameamua kuviunganisha viwe orodha moja ambayo mtu anaweza kutafuta ndani yake. Nimeketi kando yake nikimtazama.

Kwanza anapakua majedwali yote mawili na kuweka nakala kando kama zilivyo. Kisha anasoma mstari kwa mstari. Huku wameandika "Zahanati", kule "Dispensary", kwingine "Disp." Mtakatifu ni "Mt." hapa na "St." pale. Jina la eneo la Rangi Tatu mara ni maneno mawili, mara neno moja, mara "Rangi 3". Anayasawazisha kwenye safu mpya. Safu ya asili haiguswi.

Zinafuata koordineti. Jiji liko karibu nyuzi 6.8 kusini na 39.2 mashariki. Alama ya kutoa inayoonyesha kusini ikidondoka, zahanati ya Tandika inaangukia Ethiopia. Namba mbili zikibadilishana nafasi, inaangukia magharibi mwa Hispania. Anazipanga kwa ukubwa, na zilizopotoka zinajitenga zenyewe juu na chini ya safu.

Jina la wilaya halitegemeki. Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke, na kumbukumbu za zamani bado zinasema Temeke. Hivyo anaoanisha vituo kwa majina yao na umbali kati yao.

Programu inampa jozi zinazoelekea kufanana, na hapo ndipo mwendo wake unapopungua kabisa. Hospitali ya Sinza na Palestina hazikaribiani hata kwa herufi, hivyo kompyuta inaziona mbili. Mkazi yeyote wa Sinza anajua ni moja. Vituo vyenye neno Mbagala navyo kompyuta inataka kuviunganisha, ilhali ni tofauti. Anafungua picha ya setilaiti, anapima umbali kutoka barabarani. Asiporidhika, anampigia mwenyekiti wa mtaa.

"Shikamoo mzee. Samahani kwa usumbufu. Ile zahanati ya nyuma ya soko, ndiyo ile ya zamani?"

Mzee anaanzia mbali, kwenye mvua na daraja lililokatika. Binti hamkatizi. Katikati ya habari hiyo mzee anataja kwamba zahanati ilihamia ng'ambo ya mto, na kalamu ya binti inaandika.

Jozi asiyoithibitisha anaiandikia "bado" na kuipita. Neno hilo, lililorudiwa kwenye mistari mingi, ndilo linalonifanya niiamini orodha yake nzima.

Mwishoni kila mstari una namba ya wizara, koordineti, chanzo, tarehe na majina yote, hata yaliyoachwa, kwa kuwa mgonjwa atatafuta kwa jina analolijua. Ukiandika Palestina, Hospitali ya Sinza inatokea.

Nawe msomaji, tazama zahanati ya mtaani kwako kwenye OpenStreetMap. Kama haimo au jina limekosewa, fungua akaunti, ni bure, uirekebishe.